Mwaridi Kivulini Mbele ya Nyumba: Dalili, Sababu na Tiba

Mama mmoja wa Njiro aliwahi kuja kitaluni kwangu ameshika tawi la mwaridi refu kama mkono wake, jembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi, halina hata tumba moja. Akaniambia, "Kaka, wewe umeniuzia dume." Alikuwa anawaza mapapai. Mwaridi hauna dume wala jike, ua moja lina vyote viwili. Nikamuuliza ameupanda wapi. "Mbele pale, kona ya geti, chini ya mparachichi." Basi, sikuuliza tena.

Malalamiko ya namna hiyo huja kila mwaka baada ya masika, majani yamefungwa kwenye mfuko, mwenye nayo amekasirika. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea sana imetangulia. Ninayoyasema ni ya Arusha, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Msomaji wa Moshi, Lushoto, Njombe au Nairobi atajikuta humu bila shida. Wa pwani nitamgusa njiani.

Kabla ya dalili yoyote: hesabu jua

Watu husema "mbele kwangu ni kivuli" kana kwamba kivuli ni kitu kimoja. Kivuli cha ukuta huhama, cha mti mwembamba huchuja, cha mparachichi au mwembe huziba kabisa, na cha paa la kibaraza huzuia hadi mvua. Tiba zake hazifanani.

Chagua siku isiyo na mawingu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, kila saa piga picha ya mahali pale pale kwa simu. Jioni hesabu picha ambazo jua lilikuwa linapiga majani yenyewe. Ukipata 6 au zaidi, panda mwaridi wowote. Kati ya 4 na 6 chagua aina. Kati ya 3 na 4 jaribu ukijua unajaribu. Chini ya 3, soma sehemu ya mwisho ya makala haya uache mwaridi kwa mwenye uwanja wa jua.

Saa za asubuhi zina thamani kuliko za alasiri, kwa sababu jua la asubuhi hukausha umande mapema. Utaona faida yake kwenye madoa meusi.

Jambo jingine ambalo vitabu vya bustani vya Uingereza na Marekani havitakuambia: huko ukuta unaotazama kaskazini ni wa kivuli karibu mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na jua linatupita juu ya kichwa kwenda na kurudi. Mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Ukuta wa fensi wa mita 2.4, saa 6 mchana mwezi Juni, unatupa kivuli cha mita 1.2 hivi upande wake wa kusini. Desemba kivuli kinahamia upande wa pili na kuwa chini kidogo ya mita 1. Kwa hiyo mwaridi uliochanua vizuri Desemba kisha ukanuna Juni pengine hauumwi chochote. Ongeza mawingu ya asubuhi ya Juni hadi Agosti, ambayo mwenyeji wa Arusha hahitaji kuelezwa. Hesabu jua mara mbili kwa mwaka kabla ya kung'oa.

Dalili: matawi marefu membamba, maua hakuna au mawili matatu tu

*Jua pungufu.* Hii ndiyo sababu mara nyingi sana. Majani yanakuwa mapana, laini, ya kijani kilichopauka, na vipingili vinaachana mbali. Mmea mzima unainama upande mmoja kama mtu anayechungulia dirishani. Matawi mengine huishia ghafla bila tumba, na hayo huitwa matawi pofu. Kama hesabu yako ya jua ni chini ya 4, usinunue mbolea, utalisha majani tu.

Anza na yaliyo rahisi. Tawi pofu likate juu ya jani lenye vijani vitano, mara nyingine chipukizi linalofuata hutoa tumba. Ukuta wa nyuma upake rangi nyeupe, maana ukuta wa matofali mabichi hunywa mwanga. Matawi ya chini ya mti yaondoe ili jua la asubuhi lipenye kwa chini. Mti wenyewe ubaki, ila usiwe na sketi. Hayo yakishindikana, uhamishe mwaridi mwanzoni mwa masika pamoja na donge lake la udongo.

Njia ninayoipenda kwa nyumba zenye eneo dogo ni pipa la lita 200 lililokatwa nusu, likatobolewa chini, likajazwa udongo na mboji. Chini yake weka fremu ya vyuma yenye magurudumu. Juni unalisogeza huku, Desemba unalirudisha kule. Ila ujue pipa lilibeba nini kabla. La mafuta ya kula ni sawa, la kemikali hapana, hata likioshwa mara kumi.

*Aina isiyofaa.* Miche mingi inayouzwa kwa bei ya chini ni mabaki ya mashamba ya maua ya kusafirishwa nje. Mawaridi hayo yalizalishwa kwa ajili ya kitalu cha nailoni: shina refu moja, ua moja kubwa, siku nyingi kwenye chombo cha maji. Ukiyatoa nje kisha ukayaweka kivulini, umeyaonea mara mbili.

Kwa jua la jumla ya saa 4 hadi 6 kwa siku, tafuta mwaridi unaotoa maua kwa vishada, yenye petali chache. Wa kwanza ninaoutaja siku zote ni 'Iceberg', mweupe, uliotoka kwa Kordes wa Ujerumani mwaka 1958. Hauombi mengi na hauchoki kuchanua. Lipo pia kundi lililozalishwa Essex, Uingereza, na kasisi Joseph Pemberton: 'Penelope' wa 1924, 'Cornelia' wa 1925, 'Felicia' wa 1928. Yana harufu, yanatanuka, na yanavumilia kivuli chepesi kuliko ndugu zake wengi. Kwa mpaka mfupi wa njia, 'The Fairy' wa 1932 una maua madogo ya waridi mpauko na haupandi juu. 'Zéphirine Drouhin', mkongwe wa 1868, hauna miiba na husifiwa kwa kuvumilia kivuli, ni kweli, ila madoa meusi yanaupenda kuliko mwenye nyumba. Mimi siupandi pahali penye ukungu wa asubuhi.

Ukweli ni kwamba vitalu vyetu vingi haviandiki majina. Kibao kinasema "nyekundu", "nyeupe", "ya kupanda ukutani", mwisho. Basi tembea mtaani kwako. Ukiona mwaridi unachanua kwenye kivuli cha nyumba ya mtu, piga hodi, salimia, omba vikonyo. Chukua tawi lililokwisha kutoa ua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, acha majani mawili ya juu, zamisha nusu yake kwenye kichanga chenye unyevu mahali pasipopigwa jua kali. Baada ya miezi miwili mitatu una mche uliothibitishwa na mtaa wako wenyewe. Hakuna kitabu kinachoshinda ushahidi huo.

*Mbolea ya kukuzia nyingi.* Urea, CAN, na hasa samadi mbichi ya kuku. Kivulini hizi zinatoa majani mapana ya kuvutia wadudu. Acha kwa miezi mitatu, tumia mboji iliyoiva.

*Kukata sana.* Hatuna majira ya baridi kali ya kuulaza mmea, kwa hiyo hakuna sababu ya kuukata hadi magotini kila Januari. Mwaridi wa kivulini una majani machache ya kujilisha. Ondoa yaliyokufa, yanayosuguana na mazee, basi.

Wito wa fundi: tawi la mti lililo nene kuliko paja lako, au lolote lililo karibu na waya wa umeme, usilipande wewe wala kijana wa bustani na panga. Waya ni kazi ya TANESCO, mti mkubwa ni kazi ya mtu mwenye kamba na uzoefu. Uliza ofisi ya mtaa kuhusu kibali kabla ya kukata mti mzima.

Dalili: madoa meusi, jani linageuka njano, linaanguka

Angalia kingo za doa. Zikiwa zimechanika-chanika kama wino uliomwagikia karatasi laini, na majani yameanza kuanguka kutoka chini kwenda juu, huo ni ukungu unaoitwa Diplocarpon rosae. Ili mbegu yake iote inahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa 7 hivi mfululizo. Kivuli hakiuleti, kivuli kinauhifadhia maji.

Sababu zinakuja kwa mpangilio huu. Kwanza, kumwagilia jioni kwa mpira unaorusha maji juu ya majani. Hii peke yake inaeleza zaidi ya nusu ya kesi ninazoletewa. Mtu anarudi kazini saa 12, anashika mpira, anauogesha mmea, wanalala wote wameloa. Mwagilia asubuhi, shinani. Pili, msongamano: miwaridi imepandwa nusu mita kwa nusu mita kwa sababu ilikuwa midogo siku ya kununua. Iache mita 1 hadi 1.2, na isipungue sentimita 60 kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Tatu, majani yaliyoanguka kuachwa palepale. Yaokote yote, yachome au yafukie mbali, usiyatie kwenye shimo la mboji. Kisha tandaza matandazo mapya, maana tone la mvua likipiga udongo huru linarusha ukungu juu tena.

Fanya hayo matatu kwa wiki sita kabla ya kugusa dawa. Mwaridi wa aina dhaifu utaendelea kuumwa, na hapo ni heri uubadilishe kuliko kuishi na bomba la kunyunyizia mgongoni.

Ukiamua kupiga dawa ya ukungu, nunua duka la pembejeo, chupa yenye lebo na namba ya usajili. Mamlaka inayosimamia viuatilifu, TPHPA, ina makao yake hapa hapa Arusha. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiinunue, hata muuzaji awe shemeji yako. Vaa glavu na barakoa, piga jioni nyuki wakishalala, watoto na mbwa wawe ndani. Mtu akipata kizunguzungu, kutapika au kutokwa mate mengi baada ya kupiga dawa, mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi. Usimpe maziwa ukangoja.

Dalili: unga mweupe kwenye majani machanga na vikonyo

Ubwiriunga. Watu huuchanganya na madoa meusi na kuutibu vilevile, wakati tabia zake ni kinyume. Huu haupendi jani lililolowa. Unapenda jani kavu, hewa nzito, usiku wa baridi na mizizi yenye kiu. Ndiyo maana unashamiri Juni na Julai, na chini ya vibaraza ambako mvua haifiki.

Angalia kwanza kama udongo umekauka sentimita 10 chini. Mara nyingi umekauka. Mwagilia kwa kina mara mbili kwa wiki badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Kata ncha zilizojikunja. Asubuhi ya jua, osha majani kwa maji ya nguvu, yatakauka kabla ya mchana na unga utapungua. Samadi ya kuku isimame. Ikibaki, salfa ya unga ya dukani hufanya kazi, lakini usiipige jua likiwa kali, itaunguza majani.

Dalili: tumba linajaa, linageuka kahawia, halifunguki

Petali za nje zimelowa kisha zikakauka zikashikana kama karatasi yenye gundi. Hutokea masika, kwenye mawaridi yenye petali nyingi, kivulini. Ukilichana tumba kwa vidole ukakuta ndani ni safi, ni hilo tu. Ukikuta manyoya ya kijivu, ni ukungu wa kuoza, basi kata hadi kwenye sehemu ya shina isiyooza na utoe matumba yote ya namna hiyo siku hiyohiyo. Kama petali zina michirizi ya kahawia na kuna vidudu vyembamba kama nyuzi ndani, ni thiripi. Vidukari, vile vya kijani vinavyokusanyika shingoni mwa tumba, vinaondoka kwa maji ya sabuni, kijiko cha chai kwa lita 1. Havistahili sumu.

Na kama majani yamekatwa vipande vya nusu duara, safi kama kwa mkasi, usifanye chochote. Ni nyuki mkata majani, anajengea watoto wake. Mteja mmoja alimaliza chupa mbili za dawa akimtafuta kiwavi asiyekuwepo.

Dalili: majani ya njano, mishipa imebaki kijani

Kama njano imeanza kwenye majani *machanga* ya juu na mishipa imebaki kijani kama ramani ya barabara, mmea umekosa chuma. Udongo wa Meru una chuma tele, ila mwaridi hauwezi kukichukua udongo ukiwa na magadi au chokaa nyingi. Na bustani ya mbele ndiyo mahali mafundi walipochanganyia zege.

Chimba sentimita 30 karibu na ukuta uone. Vipande vya saruji, plasta, mchanga wa kijivu? Umepata mhalifu. Wa pili ni jivu la jikoni. Mila ya kumwagia jivu kwenye maua ni nzuri mahali penye udongo chachu wa migomba, lakini ukutani kwenye saruji unaongeza tatizo lilelile. Wa tatu ni maji ya kisima yenye magadi.

Toa udongo wote mbovu, shimo la sentimita 50 kila upande, jaza udongo wa msituni au wa shambani uliochanganywa na mboji. Tandaza majani makavu. Kinga maji ya mvua kwenye paa, yatumie kwa miwaridi. Kama baada ya miezi mitatu hakuna mabadiliko, acha kukisia na kununua pakiti za rangi rangi: peleka udongo maabara, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, wakupimie pH na virutubisho.

Kama njano iko kwenye majani *mazee* ya chini na mishipa nayo imefifia, ni ama maji yanatuama, ama njaa ya nitrojeni. Jaza shimo la sentimita 30 maji. Yakiwa bado yapo asubuhi ya pili, inua tuta. Na kama maji yanayotuama yananuka choo, weka jembe chini: ni shimo la maji taka linalovuja, mwite fundi bomba, na mboga yoyote iliyo karibu isiliwe mbichi.

Dalili: mmea umedumaa, haukui wala haufi

Hapa watu wengi wanalaumu kivuli bure. Mwaridi ulio chini ya mti ukidumaa ilhali unapata jua la jumla ya saa 5 kwa siku, mwizi yuko ardhini.

Chimba kwa uma wa bustani sentimita 40 kutoka shina la mwaridi. Ukikuta wavu wa mizizi myembamba isiyo ya mwaridi, umeuona ugomvi. Mkaratusi, mgrivelia, mianzi na michongoma ya fensi hunywa maji kabla mwaridi haujainua kikombe. Kuikata mizizi hiyo kunasaidia miezi michache, kisha inarudi kwa kasi kwenye udongo mzuri uliouweka. Dawa ya kweli ni kusogea nje ya mwavuli wa mti, au kurudi kwenye nusu pipa letu, likiwa juu ya matofali ili mizizi isipenye kwenye matundu.

Usikate mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono ulio upande wa nyumba. Mti unaweza kuegemea na masika ukalala juu ya paa. Ukuta ukiwa na ufa unaopanuka au umeanza kuinama, hiyo si habari ya maua tena, mtafute mhandisi au fundi ujenzi mzoefu.

Sababu nyingine, kwa mpangilio: mche ulipandwa ukiwa bado ndani ya kiriba cha nailoni (ung'oe uone, usicheke, nimekuta mara nyingi), minyoo fundo, ambayo huacha vinundu kama shanga kwenye mizizi, mchwa, ukiona udongo uliopakwa shinani, na fuko, kama mmea ulikuwa mzima jana na leo ukiuvuta unakuja mkononi bila mizizi. Minyoo fundo haina tiba ya haraka. Usipande mwaridi mwingine shimo hilohilo. Ukitaka uhakika, mwonyeshe bwana shamba mizizi kabla ya kumwaga kitu chochote.

Dalili: "waridi langu limebadilika rangi"

Halijarogwa. Miche mingi ni ya kubebesha: juu kuna waridi unalolitaka, chini kuna shina la mwaridi mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Mashamba ya maua ya Kenya na Tanzania hutumia sana shina liitwalo 'Natal Briar'. Kivulini sehemu ya juu inadhoofika, na shina la chini linapata nafasi ya kuchipua na kuchanua maua yake lenyewe.

Fukua udongo ufuate tawi hilo. Likitoka *chini* ya nundu la kubebesha, ling'oe kwa kulivuta litoke na jicho lake. Ukilikata juu kwa mkasi litaleta wenzake watatu. Ikiwa nundu limeshaoza na yote yaliyobaki ni ya chini, mwaridi wako ulishakufa zamani, unatunza mpangaji. Vikonyo vya jirani nilivyovitaja juu havina tatizo hili, kwa kuwa mizizi na matawi ni mmea mmoja.

Dalili: mimea ya chini imemeza mwaridi, au yenyewe inakauka ncha

Majirani wa mwaridi huchaguliwa mwisho, na hapo ndipo bustani ya mbele huharibikia.

*Imemeza.* Mshukiwa wa kwanza ni jimbi aina ya Nephrolepis, lile la majani kama sega. Linatambaa kwa nyuzi chini ya udongo, na mwaka wa pili limefunika shina lote la mwaridi na kulifungia unyevu. Liweke kwenye chungu. Acha duara tupu la sentimita 40 kuzunguka kila mwaridi, lenye matandazo tu. Tageti na bangi mwitu husifiwa kwa minyoo fundo, na tageti zikipandwa kwa wingi zinasaidia kweli, lakini zinataka jua. Kitunguu saumu kufukuza vidukari? Panda kwa ajili ya pilau.

*Ncha za kahawia.* Hii ni dalili ya Arusha hasa. Masale na Chlorophytum, ule mmea wa majani membamba yenye mstari mweupe, zikikauka ncha ilhali udongo una unyevu, tazama maji kabla ya kutazama jua. Visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi, ileile inayoacha rangi ya kahawia kwenye meno ya watoto wetu. Mimea hii miwili huikusanya kwenye ncha za majani. Maji ya mvua ndiyo tiba, na mbolea ya supafosfeti isiisogelee, nayo ina floraidi. Waridi lenyewe haliteti kuhusu hilo.

Ikiwa hesabu yako ya jua ilikuwa chini ya 3, hivi ndivyo ninavyopanga. Nyuma, ukutani, masale. Mchaga atakuambia yana heshima yake, huwekwa mpakani na hutumika kuomba msamaha, na yanakua kivulini bila kubembelezwa. Mbele yake Clivia, yenye maua ya machungwa, ambayo haitaki kuhamishwa-hamishwa. Chini kabisa Impatiens walleriana, mwenyeji wa Afrika Mashariki ambaye dunia nzima inamnunua kwa mbegu za pakiti wakati kwetu anaota kingo za vijito, pamoja na begonia. Kona moja inayopata jua la asubuhi, hata la jumla ya saa 4 tu, ndiyo ya 'Iceberg' mmoja. Mmoja, si sita.

Wa pwani, anayeniuliza waridi la marashi kama la Jabal Akhdar kule Oman: ule ni mwaridi wa Damaski, unaota milimani penye baridi na kuchanua msimu mmoja tu, mwisho wa Machi hadi Mei. Kivulini Mombasa au Unguja utakupa miiba. Mbele ya nyumba yenye nusu kivuli panda asumini, ukitaka harufu jioni.

Na kama kuna watoto wanaotambaa au mbwa wa kutafuna, Clivia isiwe karibu na kibaraza, ina sumu hasa kwenye shina lake la chini. Dieffenbachia, ile ya majani mapana yenye madoa, usiilete kabisa. Utomvu wake huvimbisha ulimi na koo. Mtoto akiitafuna, futa mdomo, suuza kwa maji, na umkimbize hospitali na kipande cha jani.